Vitamutamu vya Lamu: Utamu Una Wakati Wake

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikwenda Lamu nikiwa mgeni, lakini nahisi aliyepona ni mimi. Sikupona maradhi, maradhi ninayo, na nitayaeleza. Nilipona jambo jingine ambalo sikujua kuwa naliugua.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumekaa miaka mingi bila ya kusafiri pamoja isipokuwa kwa matanga na harusi. Watoto wamekua, nyumba imekuwa kimya, na siku moja baada ya Alasiri mke wangu aliniambia, "Baba watoto, kila mtu anakwenda kupumzika ufuoni isipokuwa sisi tuliozaliwa ufuoni." Niliona amesema kweli. Tukaamua kwenda Lamu siku tano, tukae, tuogelee anayeweza, na tule vyakula vya wenyeji mkahawa kwa mkahawa. Zaidi ya yote nilikuwa na hamu ya vitamutamu, kwani sifa ya Waamu katika mambo hayo tumeisikia tangu utotoni.

Lakini safari yenyewe ilikuwa na sharti. Huu ni mwaka wa tatu tangu daktari aniambie kwamba nina ugonjwa wa sukari, maradhi ambayo siku hizi ni nadra kukaa barazani pasiwe na mmoja aliye nayo. Nilipomweleza daktari habari ya safari alicheka, kisha akasema ikiwa hapana budi basi nionje kipande kimoja tu kwa siku, kisichozidi kidole gumba, na nitembee kwa miguu kadiri niwezavyo, na kijimashine changu cha kupimia damu nisikiache nyumbani. Mke wangu aliyasikia maneno hayo, na tangu pale akawa hakimu wangu.

Tuliondoka Mombasa alfajiri kwa basi. Tulipita Malindi, tukavuka mto Tana huko Garsen, tukashika barabara ya Witu ambayo sasa imetiwa lami, tofauti na yale matope ya zamani yaliyokuwa yakilaza abiria njiani. Kufika Mokowe gari hukoma na bahari huanza. Tulipanda boti, na haukupita muda mrefu tukauona mji wa Lamu umejipanga mbele ya maji, kuta nyeupe na makuti, na majahazi yamefungwa gatini.

Wasomaji wengi wanaujua mji huo, nao haunihitaji mimi kuusifu. Mwaka 2001 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Vichochoro vyake ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana sharti mmoja apishe. Kwangu mimi neema kubwa ni kwamba huko mtu hutembea. Agizo la daktari kuhusu miguu lilitimia bila ya kujilazimisha.

Chai bila sukari

Asubuhi ya kwanza tuliingia mkahawa mdogo karibu na soko. Tuliagiza mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi zilikuwa zimeiva zikalainika, tui zito limezikumbatia, na pilipili mbichi imepasuliwa juu yake. Mahamri yalikuwa ya moto, yamefura, ndani yana harufu ya iliki. Nilikula nusu moja, mke wangu akala moja na nusu.

Kisha niliomba chai bila sukari. Kijana wa mkahawani alinitazama kama mtu aliyeomba wali bila mchele. Aliniambia kwa adabu, "Mzee, chai yetu sukari imo ndani ya birika tangu kuchemka." Nilimuuliza kama hakuna chai nyingine. Akasema kuna soda. Basi nikanywa maji.

Jambo hili nililiona dogo wakati ule, lakini msomaji alitie akilini, maana litarudi.

Adhuhuri tulikwenda mkahawa mwingine katika Usita wa Mui, yaani ile njia kuu inayopita katikati ya mji. Hapo tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Samaki alikuwa changu, amebanikwa juu ya makaa, akapakwa tui lililopikwa kwa ukwaju na pilipili mpaka likamganda mwilini. Mke wangu, ambaye si mwepesi wa kusifu upishi wa mtu mwingine, alinyamaza kimya akala mpaka mwisho. Ikiwa mke wangu ananyamaza mbele ya sahani, chakula hicho hakihitaji shahidi wa pili.

Baada ya kunawa niliuliza, "Kuna kitamutamu gani leo?" Yule mhudumu akafikiri kidogo, akajibu, "Soda zipo, na biskuti." Nilimuuliza habari ya visheti, vileja, tambi za tui, hata kashata. Akasema, "Hivyo havipikwi mkahawani. Hivyo ni vya majumbani."

Tulipotoka nje tulimkuta mtoto amekaa kizingitini na sinia ya kashata za nazi. Nilinunua moja, mke wangu akaikata kwa kipimo cha kidole gumba, akala yeye iliyobaki. Hiyo ndiyo haki yangu ya siku ya kwanza.

Mkunguni usiku

Siku ya pili tulishinda pwani, na baada ya Magharibi tukaenda uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome. Ngome hiyo ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Tangu 1910 hadi 1984 ilikuwa jela, kisha ikakabidhiwa makumbusho. Leo watu hukaa mbele yake chini ya miti, wakazungumza na kucheza bao, na jioni harufu ya makaa hutangulia kukuita kabla hujaona jiko. Hapo tulikula mishikaki na viazi vya karai, na tukapata mkate wa mofa, ule unaobandikwa ukutani mwa mofa ya udongo. Ni mkate mgumu kidogo kwa meno ya uzeeni, lakini ukiuchovya mchuzini unakuwa mtiifu.

Pembeni kabisa, mbali na taa, alikaa mama mmoja na sahani iliyofunikwa kawa. Alipoifunua, nilikutana na kaimati. Zilikuwa ndogo, za duara, rangi ya hudhurungi, zinang'aa kwa shira. Nilichukua moja. Ganda lilivunjika kwa sauti ndogo, ndani laini, na shira yenye iliki ikamwagika ulimini. Nilifumba macho, wallahi.

Kaimati ile ilinirudisha chuoni. Nilipokuwa mdogo nikisoma Kurani, mtoto akimaliza juzuu mama yake alikuwa akipeleka sinia ya kitamutamu kwa mwalimu, na sisi sote tukagawiwa kimoja kimoja. Aliyehitimu alikuwa mmoja, lakini furaha ilikuwa ya chuo kizima. Kwa hakika wako wenzangu waliojitahidi kusoma kwa ajili ya kaimati kuliko kwa ajili ya fimbo ya mwalimu, na mimi sitamtaja mtu.

Nilimuuliza yule mama ikiwa anauza kila siku. Akasema hapana, si kila siku. Tena wanunuzi ni wachache, vijana wanapenda keki za dukani zilizofungwa karatasi. Mwezi wa Ramadhani ndipo sahani haimtoshi.

Meza ya Shela

Siku ya tatu tulitembea kwa miguu mpaka Shela, mwendo wa kiasi cha kilomita tatu kufuata ufuo. Shela ni kijiji chenye msikiti wake wa Ijumaa mkongwe wenye mnara, na mbele yake pana mchanga mweupe unaokwenda mpaka macho yachoke. Siku hizi pia pana nyumba nyingi za wageni na hoteli za kila daraja.

Tuliingia hoteli moja ambayo jina lake sitalitaja. Tulipewa karatasi ya vyakula iliyoandikwa Kiingereza kitupu. Mwishoni mwa karatasi, mahali pa vitamutamu, palikuwa na keki ya chokoleti, aiskrimu, matunda yaliyokatwa, na chini kabisa pameandikwa "kitamutamu cha Kiswahili". Nikafurahi, nikaagiza hicho. Kililetwa kwenye sahani pana mfano wa gurudumu, na katikati pamelala vipande vitatu vya ndizi iliyokaangwa, vimenyunyiziwa asali, na juu yake jani la mnanaa. Bei yake ingetosha kununua sinia nzima ya kaimati kule Mkunguni.

Ndizi haikuwa mbaya. Ilikuwa ndizi. Lakini sisi tunayo ndizi yetu, ile mbivu inayopikwa kwa tui la nazi, sukari na iliki mpaka tui likawa zito, nayo haikuwa hii. Nilimpa mke wangu, sikuonja. Nilisema haki yangu ya leo naiweka akiba. Hakimu akakubali kuniandikia deni.

Kijana aliyetuhudumia aliona uso wangu. Alikuja kuchukua sahani, akainama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi ni mtu wa hapa hapa Amu. Ukitaka vitamutamu vya kwetu, kesho ndoo nyumbani kwa nyanya yangu. Yeye ndiye mwenyewe." Akatuelekeza nyumba yao iliyoko Mkomani, nyuma ya msikiti, mlango wa mbao wenye nakshi. Nilimshukuru. Kijana huyo kutwa anawapelekea wageni ndizi ya asali, na nyumbani kwao pana hazina.

Dakani

Siku ya nne, baada ya Alasiri, tulipiga hodi. Sauti ya mtu mzima ikatuitikia kutoka ndani, "Hodini! Ndoo ndani, mwanangu, usisimame ndiani." Masikio yangu ya Mombasa yalifurahi kukisikia Kiamu.

Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa adabu. Mgeni wa kiume huishia dakani, penye baraza za mawe pande mbili, na ndani ni kwa wenyewe. Basi mimi nilikaa dakani na mke wangu akapanda jikoni, ambako ni juu kabisa ya nyumba chini ya makuti. Haya ya jikoni nitakayoyaeleza, kwa hivyo, ni mapokezi yake yeye.

Siku ile walikuwa wakipika mkate wa kumimina. Mchele ulikuwa umerowekwa tangu usiku, ukasagwa pamoja na tui zito. Zamani ulisagwa kwa jiwe, leo kwa mashine ya umeme. Ulitiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Mwisho yakatiwa maziko ya mkate, kama anavyoita mke wangu, yaani ute wa mayai uliopigwa mpaka ukawa povu. Sufuria ilipakwa samli, ikatiwa moto, ule uji mzito ukamiminwa. Chini palikuwa na moto mdogo. Ulipoanza kutoa matundu usoni, ndipo sufuria ilipofunikwa na mfuniko ukapaliwa makaa. Moto juu, moto chini. Hapo mpishi hana pa kwenda. Makaa yakizidi juu, uso unaungua na kati ni mbichi. Yakipungua, mkate unakaa ukalala. Bibi hakutumia saa. Alinusa.

Na pembeni mwa jiko palikuwa na karai ya visheti vilivyokwisha kukaangwa, vinangojea shira. Shira nayo ina elimu yake. Bibi alichovya mwiko, akaibana shira kati ya vidole viwili, akaviachanisha. Ilipovuta uzi, akasema sasa. Kabla ya uzi, kisheti kitalowa. Baada yake, sukari itakuwa jiwe.

Walipomaliza, bibi mwenyewe aliteremka polepole, akaketi kwenye baraza ya pili mbele yangu, ukaya wake mabegani. Nakisia miaka yake imepindukia 80. Mjukuu wake wa kike alituletea sinia: mkate wa kumimina umekatwa vipande, visheti, vileja vya unga wa mchele, na kahawa. Bibi akanikaribisha mara ya kwanza, akanikaribisha mara ya pili. Mimi nikachukua kipande kimoja kidogo cha mkate, nikakila taratibu. Ulikuwa laini, wenye matundu kama sega la nyuki, chini umeshika samli, juu una rangi ya dhahabu. Kisha nikasimamisha mkono.

Hapo niliona haya. Nyote mnajua kwetu sisi kukataa chakula cha mwenyeji ni kumkataa yeye. Nikaona bora nimwambie ukweli. "Mama," nilimwambia, "uniwie radhi. Mimi nina sukari."

Bibi hakukasirika. Alitikisa kichwa, akasema hata marehemu mumewe alikuwa nayo. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo chai yako wainywa mara ngapi kwa siku?" Nikamwambia kabla ya kuugua nilikuwa nikinywa asubuhi, saa nne, Alasiri na baada ya Isha, kila kikombe vijiko vitatu. "Na soda?" Nikakiri kuwa mchana haikunipita. "Na kisheti ulikula lini?" Nikafikiri. Nikamwambia, Idi.

Akacheka, mkono kinywani. "Basi kisheti chasingiziwa, mwanangu."

Akanieleza kwamba walipokuwa wasichana, sukari ilinunuliwa kwa ratili na kufungiwa kabatini. Kila kitamutamu kilikuwa na siku yake. Kaimati na tambi zilikuwa za kufuturu. Visheti vilikuwa vya Idi. Vileja vilipikwa harusini na mgeni wa mbali anapotarajiwa. Mwezi wa Mfungo Sita, wageni wanapomiminika Lamu kwa Maulidi ya Riyadha, hakuna jiko lililolala. Lakini hakuna mtu aliyekula kisheti siku ya Jumanne bila ya sababu. Kwanza sukari ilikuwa ghali. Pili, kazi yake ilikuwa kubwa, wanawake watatu wakeshe. "Zakula za zamani zilikuwa na kazi," alisema, "na ile kazi ndiyo iliyokuwa ikituzuia."

Wasomaji wapenzi, mimi si daktari, na sukari ni sukari popote ilipo. Mwenye maradhi haya asisome makala yangu akaenda kujimiminia shira. Lakini maneno ya bibi yule yalinikaa. Kitamutamu kilichotaka usiku kucha wa kuroweka na mchana wa kupalia makaa hakikuweza kuliwa kila siku hata kwa kusudi. Kazi ndiyo iliyokuwa kipimo. Sasa utamu usio na kazi umo ndani ya birika kabla hujaomba, umo ndani ya chupa katika kila duka, nao hauna Idi wala harusi. Tumeuondolea utamu wakati wake. Na tulipoambiwa tupunguze, tulichokipunguza kwanza ni kile cha mikono ya mama zetu, tukaibakisha soda.

Mjukuu mwenye simu

Niliuliza nani atakayeshika mwiko baada yake. Bibi akasema ana wajukuu wengi, wa kike kwa wa kiume, lakini aliyekubali kukaa naye jikoni ni huyu mmoja. Binti mwenyewe alikuwa amesimama kando ya mlango. Alieleza kwa haya kidogo kwamba yeye hupokea maagizo kwa simu, watu wa Mombasa na Nairobi humwandikia, naye huwafungia vileja na visheti akavituma kwa basi. Pesa za karo ya mdogo wake zinatoka humo. Ama mkate wa kumimina hautumi, kwa kuwa hausafiri. Na alikiri kwamba makaa ya juu bado hayajamtii. "Mimi nakodoa mato kwenye saa," alisema, "na nyanya anusa."

Nilifurahi kusikia kwamba simu, ambayo tunailaumu kwa kila ovu, imemrudisha msichana mmoja jikoni kwa nyanya yake. Mtu mmoja si haba. Lakini ni mmoja.

Tulipokuwa tukirudi nyumba ya wageni, mke wangu alikuwa kimya. Mimi nilidhani amechoka. Tulipofika gatini akasema, "Unajua kwamba tangu uugue sijapika kaimati nyumbani?" Nikamwambia najua, na namshukuru kwa kunihurumia. Akasema, "Si hilo. Binti zako hawajui kupika kaimati. Hawajui shira inavuta uzi lini. Mimi mama yangu alinifundisha kila Ramadhani, na mimi nimepitisha Ramadhani tatu sijashika mwiko, eti nisikutamanishe."

Hilo ndilo nililosema mwanzo kwamba naliugua bila ya kujua. Maradhi ni yangu mimi, yamo mwilini mwangu. Lakini niliyaacha yakaingia jikoni yakaziba mlango baina ya mama na binti zake.

Haluwa na kahawa

Usiku ule, baada ya Isha, nililidai deni langu la Shela. Tulinunua haluwa kidogo katika duka moja la mtaani, tukakaa barazani. Haluwa haipikwi na mwenye haraka. Wanga, sukari, samli, iliki na zafarani hutiwa katika chungu kikubwa cha shaba, na mwanamume mwenye mikono ya nguvu hukoroga kwa mwiko mrefu bila ya kupumzika, kwani akiacha inashika chini. Ufundi huo umefungamana na Omani, ambako hata leo mgeni hutangulizwa haluwa na kahawa.

Mzee wa kahawa alipita na dele lake, makaa chini yake, vikombe vikilia mkononi kwa mdundo. Alitumiminia kahawa tungu. Nikatia haluwa kinywani, kipande cha kidole gumba, kisha nikanywa uchungu juu ya utamu. Hapo nikafahamu hekima ya wazee wetu. Hawakutoa haluwa peke yake. Waliweka tamu na tungu katika sinia moja, ili kila moja imkumbushe mlaji mpaka wa mwenzake.

Bi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akipenda haluwa na asali, na Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Wanavyuoni wameeleza kuwa haluwa hapo ni kitu chochote kitamu. Na ni Mtume huyo huyo aliyetufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu, fungu la chakula, fungu la kinywaji na fungu la pumzi. Basi dini yetu haikuuharamisha utamu. Imetufundisha kiasi, na kuepuka israfu. Aliyeshika Hadithi ya kwanza akaiacha ya pili, ameshika upande mmoja tu wa sinia.

Asubuhi ya tano nilipima damu yangu. Hakimu wangu aliitazama hesabu, akaniambia, "Leo umeachiliwa." Naamini miguu ya Shela na vichochoro vya Mkomani vilinitolea ushahidi.

Tumerudi Mombasa na vifurushi viwili, kimoja cha vileja na kimoja cha visheti. Tumekubaliana mambo mawili nyumbani. La kwanza, birika letu halitiwi sukari tena. Anayetaka atajitilia kikombeni na atajihesabia mwenyewe. La pili, siku za Idi na Ramadhani jiko litawashwa kama zamani, binti zetu wakae kando ya mama yao mpaka waijue shira kwa vidole. Mimi nitakula kimoja. Ijumaa iliyopita walijaribu kaimati kwa mazoezi. Za kwanza zilitoka ngumu kama kokoto, na mama yao akawaambia wazitupe. Mimi nilichukua moja, nikaitafuna mpaka ikaisha.

Kwa wale wanaokwenda Lamu kupumzika, nasaha yangu ni moja. Msikiulizie kitamutamu mezani. Ulizeni ni nyumba gani inapika, pigeni hodi, lipeni bei bila ya kubishana, na mkiwa na binti, mwende naye. Nami namalizia kwa ubeti huu:

Nimekwenda kisiwani, kuutafuta utamu,
Sikuuona mezani, penye bei kwa kalamu,
Nimeukuta nyumbani, kwa mkono wa karimu,
Wana wetu jifunzeni, ya kale yasihitimu.